Yale Mafiga Matatu Niliyookota Hatta

Admin, nifichie jina, na hoteli ninayofanyia kazi usiitaje kabisa. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Tanga, nasafisha vyumba hapa Dubai Marina mwaka wa nne sasa. Nina mtoto mmoja, analelewa na mama yangu nyumbani. Wanaonijua husema nina domo, na kweli ninalo. Lakini kuna jambo nimelinyamazia wiki ya saba hii, na linanimaliza.

Tulipata ofu siku moja mimi na Rukia, ninayekaa naye chumba kimoja. Kimani, Mkenya anayelinda jengo la jirani, alikuwa amenunua gari kuukuu la kupandia milima, kila siku anatusumbua twende Hatta, kule milimani, tukaone anavyolipitisha kwenye mawe. Tukaenda. Jamani, tulifurahi! Alipunguza upepo kwenye matairi, tukaanza kupanda bonde kavu, gari linayumba huku na huku, Rukia anasoma dua na mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Miaka yote hii Dubai nimeiona kupitia madirisha ya vyumba vya watu. Siku ile na mimi nilikuwa mtalii.

Mchana tukasimama mahali njia inapogawanyika mara mbili. Nilikuwa nimebeba nyama, mchele na viungo vya pilau, kumbe Kimani kasahau jiko la gesi. Rukia akasema tule mkate basi. Mimi mtoto wa Tanga nishindwe kupika kwa kukosa jiko? Kuni tulikuwa nazo, kifurushi tulichonunua kituo cha mafuta. Nikaanza kutafuta mafiga. Mawe ya pale mengi yana ncha, sufuria haikai. Ila kwenye mdomo wa njia ya kushoto kulikuwa na rundo la mawe mazuri, bapa, yamepangwa, la juu limepakwa rangi nyekundu. Nikadhani ni michezo ya watalii. Nikachukua matatu, lile jekundu likiwemo. Yaliyobaki Kimani akayasukumia pembeni kwa mguu ili aegeshe gari kivulini. Tukapika, tukapiga picha, tukala, tukazima moto, tukaondoka. Mawe hatukuyarudisha.

Tukiwa tunashuka tukakutana na gari la kampuni moja ya kutembeza wageni, linapanda. Njia nyembamba, ikabidi tusimame tupishane. Waliposikia Kiswahili wakashusha vioo. Walikuwa Waganda wawili, Musa dereva na Joseph mpishi, wanakwenda kusimamisha mahema ya wageni. Nikawapa pilau iliyobaki. Joseph akaonja palepale akasema, "Sister, hii umeitoa nyumbani kabisa!" Musa akauliza, "Huko juu njia iko sawa?" Nikajibu mimi, kwa mdomo wangu huu, "Shwari kaka, hakuna neno."

Kesho yake asubuhi kwenye grupu letu la WhatsApp, la Waafrika Mashariki wa hapa, ikaletwa picha ya lile gari liko korongoni, magurudumu juu. Njia ya kushoto ilikuwa imeliwa na mvua, ukipita kona tu hakuna njia tena. Lile rundo waliliweka madereva ili kuonyana. Musa ilikuwa mara yake ya kwanza kupita huko, na wenzake walimwambia akiona jiwe jekundu asiingie, ashike njia nyingine. Alifika, hakuona jiwe, akaingia. Joseph alifariki palepale. Musa alivunjika nyonga na mguu.

Nilimkimbilia Kimani nikilia. Akasema, "Wee, hizo mawe tulizipata zimeanguka, sawa? Ukiongea tunaenda ndani sisi wote. Khalas, imeisha hiyo." Rukia alikuwa amerudi garini kulala tulipotoa mawe, hakuona yalikotoka, hajui kitu mpaka leo.

Tangu hapo silali vizuri na sili nikashiba. Nikiwasha jiko naona mafiga. Picha ninayo kwenye simu, nimechuchumaa natabasamu na mwiko mkononi, na jiwe jekundu linaonekana wazi chini ya sufuria. Nimejaribu kuifuta mara nyingi, kidole kinakataa. Wakati mwingine nikiwa peke yangu natandika kitanda cha mgeni, naisikia sauti ya Joseph akiisifia ile pilau, karibu kabisa na sikio, na lazima nigeuke.

Grupu likaomba watu wa kumtembelea Musa hospitali. Nikaenda, nikijidanganya kwamba ni huruma. Nimeenda mara nne sasa, nampelekea uji na supu. Kampuni inasema alikuwa anakimbiza gari. Mama yake Joseph hapokei simu zake, anamwita muuaji. Kesi ya Musa itasikilizwa baada ya wiki mbili. Kila mtu ambaye Musa anamwambia kwamba jiwe halikuwepo anatikisa kichwa tu. Mara ya kwanza aliponisimulia mimi, nilimjibu, "Nakuamini, kaka."

Ijumaa iliyopita alinishika mkono akalia mbele yangu, mtu mzima yule. Akasema, "Sister, katika Dubai yote hii ni wewe peke yako umeniamini. Hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiri labda jiwe lilikuwepo, mimi ndiye sikuliona." Ndugu zangu, nilitamani sakafu inimeze.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, najua. Lakini nikifungua mdomo nafungwa, au narudishwa nyumbani mikono mitupu, na Kimani naye naondoka naye. Mama yangu na mwanangu hawana mwingine wa kuwatazama. Nikikaa kimya, Musa anabeba kifo nilichokisababisha mimi, na ushahidi uko kwenye mkoba wangu kila ninapokaa pembeni ya kitanda chake.

Jumapili naenda tena. Ameniomba nimpelekee pilau. Anasema Joseph aliisifia njia nzima mpaka wanafika pale kwenye kona, na yeye kwa kuwa alikuwa anaendesha hakuwahi kuionja.

Nipeni neno, wenzangu, hata mkinitukana. Mkono mmoja nitakuwa na hilo bakuli la pilau, mwingine simu yenye picha. Nimpe kipi?