Msimu wa Kukaa Bila Samli

Choa kilinianzia shingoni, chini kidogo ya sikio, mwaka ambao vijana wengi wa kwetu walikuwa wanakimbilia Geita kuchimba dhahabu. Mwanzoni kilikuwa kidoa cha kuwasha tu. Mtama ulipoanza kutoa masuke kilikuwa kimeshakuwa duara, kikazaa duara jingine kifuani na jingine mgongoni. Nami nilikuwa msichana wa kuposwa. Mama aliniambia nijitande kaniki mpaka kidevuni, tusije tukaaibika.

Kwetu, upande wa Kahama ukielekea Kagongwa, ngozi nzuri ilikuwa samli. Mtu aliamka, akanawa, akachota samli kibuyuni, akajipaka mpaka akang'aa. Kwa hiyo choa kilipozidi, mama alikitibu kwa dawa aliyoiamini kuliko zote, yaani samli. Alinisugua asubuhi na jioni kwa mapenzi yote, na choa kikanenepa kama ndama wa masika.

Ndipo tukaenda Kahama mjini kwa mwanamke mmoja wa Kiislamu, asili yake pwani, ambaye mumewe aliuza nguo. Watu walisema ana mkono wa kuponya ngozi. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete hiyo shingo." Akainusa kabla ya kuitazama. "Nani anakupaka mafuta?"

Mama akajibu kwa fahari kwamba ni yeye.

"Basi, mama, unamnenepesha adui wa mwanao."

Alituchumia majani mapana kwenye kichaka chenye maua ya njano alichokipanda nyuma ya nyumba. Tuyatwange na chumvi kidogo, akasema, nisuguliwe asubuhi na jioni. Nguo zangu zichemshwe, zianikwe juani. Nisilale ngozi moja na mtu. Na mafuta nisiguse hata tone. "Doa likipotea usiache dawa," alinionya. "Likipotea ndipo linapojificha."

Nikamuuliza nitapona lini. Alicheka. "Mstahimilivu hula mbivu, mwanangu."

Nilinong'ona kwamba kwetu mbivu huliwa na ndege. Mama akanifinya.

Dawa yenyewe iliwasha kwa muda mfupi tu. Kilichonitesa ni kupauka. Kwetu mtu hakuacha mafuta hivi hivi. Aliyeacha mafuta alikuwa amefiwa. Nilipokwenda kisimani nikiwa na miguu myeupe kwa vumbi, wanawake walitua mitungi yao.

"Pole, mayu," walisema, kama wanawake wa kwetu wanavyoitana. "Ni nani?"

"Nduhu. Hakuna aliyekufa."

Waliniangalia kana kwamba nimeficha maiti ndani. Jirani yetu mmoja, mzee, aliangua kilio kabisa, akaniambia hata kama sitaki kusema, yeye analia tu. Ilinibidi nimbembeleze mimi niliyedhaniwa kuwa mfiwa. Tangu siku hiyo nikawa nazungukia njia ya mbali, na hasira ikinipanda kila nilipojikwaa.

Sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nilivunja kijiti cha ufagio kwa kipimo cha lile doa la shingoni, nikawa naliwekea kila asubuhi kuona kama limepungua, na kila asubuhi kijiti kililingana nalo. Nilimuuliza mama, "Limepungua?" Akasema, "Uliniuliza jana." Nikamuuliza tena jioni. Kuna ugonjwa ambao mtu huumwa kwa kutazama tu, nami nilikuwa nao pamoja na choa.

Baada ya mavuno ngoma zikaanza. Wasichana wa rika langu walipita mbele ya nyumba yetu wakimeta, shanga shingoni, wakinukia samli yenye moshi. Nilimwambia mama, "Leo tu. Kesho narudia majani." Alikitazama kibuyu. Niliona wazi kwamba na yeye alitaka niende, nionekane, nichaguliwe kama binti wa watu wengine. "Fanya utakavyo," alisema. Laiti angenikataza ningejipaka. Kwa kuwa aliniachia, nikabaki nyumbani nimenuna, nikisikiliza ngoma za watu. Watu walinisifu baadaye kwamba nilikuwa na subira. Ilikuwa hasira.

Kisha ikaja posa ya kijana mmoja. Wazee walifika asubuhi, wakaniona nikisaga mtama, nimepauka kuanzia kichwani hadi visiginoni, wakasimama pale pale kwenye lango la zizi. Mama alitoka mbio kuwakaribisha. Wao wakavua kofia, wakasema pole, wakasema maneno ya ndoa hayaingii kwenye nyumba yenye matanga, wakageuza. Mama aliwafuata akipiga kelele kwamba hatujafiwa. Nadhani waliona ni uchungu unamsemesha.

Baba aliporudi alifoka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mahari yamefika langoni, alisema, yamerudishwa na majani! Mama alilia. Nami nilikwenda nyuma ya nyumba na kibuyu cha samli mkononi, nimeshakizibua, nimeshakiinamisha. Sijui kwa nini nilikichukua kile kijiti kwanza. Nilikiweka shingoni. Kilizidi doa pande zote mbili.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka peke yangu. Kisha nikakiziba kibuyu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, doa la kifuani lilikuwa limekwisha, la shingoni limebaki kivuli, na la mgongoni ndilo lililokuwa likisumbua bado. Alasiri moja akaja shangazi wa yule kijana, peke yake, kuuliza kama matanga yameisha. Mama alimweleza ukweli wote: choa, majani, yule mwanamke wa Kahama. Shangazi akaniita, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Hujapaka mafuta tangu mavuno?"

"Tangu kabla ya mavuno, mayu."

"Na ngomani hukwenda?"

"Sikwenda."

Akapiga makofi kwa furaha. "Ndiye huyu!" alimwambia mama. "Kijana wetu yuko Geita machimboni. Alituma maneno mara moja, kisha kimya. Wengine wanasema atarudi masika, wengine wanasema hata mwakani. Wasichana wa siku hizi hawawezi kungoja, lakini huyu anajua kukaa. Ng'ombe tutaleta, naye atakuja kumngojea kwetu."

Mama alinyanyua uso. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kijana hayupo. Nilighadhibika. Miezi yote ile ya kuwashwa, ya kupewa pole, ya kusikia ngoma kwa mbali, na kumbe ilikuwa inanipandisha bei ya kwenda kukaa tena.

"Mayu," nilisema, "mimi nilikuwa naingojea shingo yangu. Nilikuwa naiona kila siku. Kijana wenu sijamwona hata mara moja."

Shangazi alimgeukia mama, akisubiri nikaripiwe. Kwetu binti hakuthubutu kusema hivyo mbele ya wakubwa, na ng'ombe wale baba alikuwa ameshawahesabia malisho. Mama aliinuka, akaingia ndani. Nilijua amekwenda kuchukua fimbo. Nikashusha macho.

Alitoka na bakuli la majani yaliyotwangwa.

"Karibu tena siku nyingine, mayu," alimwambia mgeni. Kisha akanisukuma bega. "Baba yako nitamwambia mimi. Kaa chini nikupake."