Jirani Asiyetaka Kulaza Darubini

Jirani yangu wa Kimironko huvaa glavu nyeupe kila anapotoa darubini uani, na hukohoa kabla ya kushika skrubu, kama mtu anayetaka kuhutubia. Ili darubini ifuate nyota, mhimili wake lazima uelekee ncha ambayo anga huizunguka. Hapa kwetu, karibu na ikweta, ncha hiyo iko chini kabisa, usawa wa vilima, kwa hiyo mhimili unatakiwa karibu kulala. Yeye hataki. Picha ya kijitabu kilichotoka Ulaya inauonyesha umeinuka, naye huuinua hivyo hivyo. "Mashine ya bei hii hailali chini," husema.

Jana jioni alimwita mama mkwe wake kutoka Kabuga aone pete za sayari ya Zohali, kabla mtoto wa jicho hajaliziba jicho lake moja lililobaki. Akalenga, akakohoa. Zohali ilitoroka kwenye lenzi kabla bibi hajainama.

"Mwanangu, iko giza tu."

"Mashine iko sawa, mabukwe. Ni jicho yako imekwisha."

Nikachungulia mimi, mwenye macho mazima, nikaona giza lile lile. Nilipogeuka niseme, bibi alikuwa ameshamwomba mkwe wake radhi kwa usumbufu, anapapasa ukuta akitafuta lango.