Mkate wa Machicha

Enzi zetu mkate ulikuwa mgeni. Ulikuja Krismasi, ukaliwa umesimama, ukaenda zake. Nyinyi wa rika langu mliokulia vyumba vya mabati pale Bondeni, Nakuru, mnajua sidanganyi. Asubuhi ni uji, jioni ni ugali na mboga, na katikati ni maji ya mfereji. Kiangazi kikikaza, vumbi jeupe la magadi lilipanda kutoka ziwani likaingia machoni, kwenye chumvi, kwenye nguo zilizoanikwa, na bado tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, barabarani mpaka tukaitwa kwa matusi. Tulicheza kalongolongo pia. Mimi nilikuwa mama, nikikanda matope kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta ya Kasuku, na kaka yangu Wafula alikuwa baba anayetoka kazini akilia njaa. Alikuwa anaweka yale matope mdomoni kabisa. Wafula alikuwa mtu wa kula chochote, na kusema asante.

Watoto wa siku hizi wakitaka kuoka wanafungua simu. Msichana fulani wa mbali anawaonyesha pole pole, akikosea anarudia, na mjukuu wangu akikosa kijiko kimoja cha vanila anakaa chini anasema, "Shosh, haiwezekani." Mama yangu alijifundisha kuoka kwa kuchungulia dirisha la watu.

Baba alikufa kwa kifua. Tulimzika kwao, kule magharibi, na baada ya matanga, watu wakishanyolewa, wazee wakakaa kugawa alichoacha. Alichoacha ni koti, baiskeli, na sisi. Baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alisema atamchukua mama kama desturi ilivyo. Alikuwa na wake wawili tayari. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, Nasimiyu mdogo akinyonya, na alisema bila kuinua kichwa kwamba anarudi Nakuru na watoto wake watatu.

"Utawalisha nini huko?" wakamuuliza. "Mawe?"

"Kile nitakachokula mimi."

Wakanong'ona. Mwishowe baba mdogo akasema, "Sawa, shemeji. Mpaka mahindi yavunwe. Nikija nikute watoto wa ndugu yangu wameshiba na wanalelewa vizuri, nitanyamaza. Nikikuta shida, wasichana unaweza kubaki nao. Kijana ni wetu." Wafula alikuwa amesimama pale pale, ameshika koti la marehemu.

Kwa hivyo tulirudi na muda wa kukopa. Mama alipata kazi ya kufua kwenye nyumba za Milimani. Alitoka alfajiri, akafua ya huku, akakimbia kufua ya kule, akarudi kupanga foleni ya maji, na mimi na Wafula tukitoka shule tulipokezana mtoto mgongoni. Kufua kulileta unga wa ugali, zaidi ya hapo hakuna. Lakini nyumba moja ilikuwa na mpishi wa kiume aliyeoka mikate kila juma, na dirisha la jikoni lilikuwa karibu na karo la kufulia. Mama akaona wanaume wa kazi pale mjini wananunua vipande vya mkate wa jana, umekauka, na wanang'ang'ania. Akaona hapo ndipo watoto wake watapona. Akamuuliza yule mpishi inafanywaje.

"Mama Wafula," mpishi akamwambia, "wewe fua."

Basi akaanza kubahatisha. Jumamosi alasiri, nguo za watu bado ziko kwenye beseni, mtoto analia, maharagwe yanaungua, yeye anakanda unga wa ngano. Aliweka sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko ili moto utoke juu na chini. Wa kwanza hakuutia kitu cha kuuumua kwa sababu kwa dirisha hakuona kikitiwa. Ulitoka jiwe. Wafula aliugonga kwa kidole. "Hodi! Mko ndani?" Mama alicheka mpaka akakaa, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Kisha Wafula akauloweka kwenye chai akaumaliza. Unga haukutupwa nyumbani kwetu.

Wa pili aliutia magadi, kwa vile magadi hulainisha mboga. Ukatoka manjano kama godoro la hospitali na ukanuka sabuni. Mimi nilitema. Wafula alitafuna polepole akasema, "Mama, huu umeshinda ule." Nikamwuliza pembeni mbona anadanganya. Akanijibu kama mtu mzima: "Nekesa, usipokula, ataacha."

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa kupika busaa, pombe ya kienyeji. Tulimwita Mama Kasuku kwa sababu ya mdomo. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelijua, na sidhani lilikuwa linatumika. Mama hakuwa anaingia kwake. Mama alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kila Alhamisi na akina mama wenzake. Lakini Mama Kasuku aliona ule mkate wa manjano, akaushika kwa vidole viwili.

"Dada, wewe unaoka ama unaua panya?" Akaingia kwake akatoka na bakuli la machicha, ule unga unaobaki pombe ikishachujwa. "Tia hii. Inaumua tumbo la mlevi, itashindwa na unga?"

Mama alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu. Mahindi kule nyumbani yalikuwa yameshaanza kubeba. Akalichukua.

Na ukaumuka. Wallahi ninyi, ukaumuka! Kwanza unga ulipanda usiku kucha chini ya blanketi letu, tukauona asubuhi umevimba kama shavu la mwenye jino. Ukaokwa, ukatoka na mgongo wa kahawia, mzito kiasi, mchachu kidogo, lakini ukiukata unaona matundu. Tatizo lilikuwa harufu. Chumba kizima kilinuka kilabu. Mama akasema harufu itaisha, ataongeza sukari, atapunguza machicha, ataona. Akaendelea kujaribu katikati ya juma, akishindana na siku.

Alhamisi moja alichelewa kurudi kutoka Milimani, akakosa kwenda kanisani. Akina mama wakasema twende tumuombee mjane. Walikuja wanne. Walipofungua pazia walikuta unga unachemka kwenye beseni, bakuli la machicha pembeni, mtoto amekaa chini na mimi nina unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyekaa. Mmoja aliomba sala fupi sana, macho wazi. Mama alipofika wakiondoka akaanza kueleza, "Ni ya mkate, mama zangu, ni mkate," nao wakasema, "Bwana asifiwe," wakapita.

Maneno hayahitaji nauli. Mmoja wao alikuwa na dada aliyeolewa kijijini kwa baba. Mahindi yakiwa bado ya kuchoma, hayajakauka, baba mdogo alisimama mlangoni petu na fimbo yake.

Hakupiga kelele. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Alikula ugali tuliompa, akauliza shule. Halafu akamwita Wafula mbele yake.

"Kijana, mama yako anapika pombe humu ndani?"

"Hapana, baba."

"Na hiyo ninayonusa?"

Wafula alikuwa hajui kusema uongo isipokuwa juu ya chakula. "Ni machicha, baba. Tunatia kwa mkate tu."

"Kwa hivyo iko."

Mama akaleta mkate wenyewe, wa jana, akaukata, akamwekea kwenye sahani ya maua. Akamwambia onja, shemeji, hii ndiyo nitawalea nayo. Hakuugusa. Mtu aliyekuwa anavuta busaa kwa mrija na wazee wenzake kila jioni! Mama Kasuku alikuwa amesikia yote kupitia mabati, akaja amejifunga leso kiunoni.

"Mzee, mwenye pombe ni mimi! Huyu hata kuonja hajui. Nichunguze mimi!"

"Na wewe ni nani yake?"

"Jirani."

"Jirani muuza pombe," akasema baba mdogo, kama aliyekuwa anangoja shahidi. Wale akina mama wanne wangeweza kusema neno moja na angelisikia. Mama alikimbia kwao jioni hiyo, nyumba hadi nyumba. Wakamwambia hayo ni mambo ya ukoo.

Asubuhi Wafula aliondoka. Mama alimpa mkate umefungwa kwa kitambaa chake cheupe, na baba mdogo akaurudisha mezani, kwa upole, akabaki ameshika mkono wa mtoto. Nilisimama mlangoni nikiwa na Nasimiyu mgongoni mpaka shingo ikauma.

Juma lililofuata mama aliingia duka la Mhindi, akaelekeza kidole kwenye kikopo kimoja mpaka kingine, mpaka muuzaji akaelewa anataka kitu cha kuumua. Hamira. Ilikuwa kwenye rafu siku zote zile, tulikuwa hatuijui jina. Jumamosi hiyo mkate ulitoka mweupe ndani, laini, hauna harufu ila ya mkate. Tuliutazama. Mama akaniambia nile na nikasema sina njaa, nikapigwa kofi, nikala. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikabeba kapu la kuuza, na mkate ule ukatulea kweli, kama alivyosema.

Wafula alikuja kututembelea akiwa mwanamume mzima, mkewe nyuma yake. Alichunga ng'ombe wa baba mdogo, akapewa shamba, hakuteswa. Aliongea na mama vizuri, kwa heshima, kama unavyoongea na mama wa mtu mwingine. Mama alikuwa ameoka tangu alfajiri. Akamsogezea sahani.

"Asante, mama," akasema. "Mimi mkate sili."

Nyinyi wa rika langu mkikutana mnapenda kusema zamani kulikuwa kuzuri, mtoto alikuwa wa watu wote. Ni kweli. Nyumba yoyote ungekula, mzazi yeyote angekuchapa, na mimi mwenyewe nayatamani mambo hayo nikiona hii mitaa ya sasa, geti limefungwa, jirani miaka mitano na humjui jina. Lakini kwa kuwa alikuwa wa wote, aliyetaka kumchukua alimchukua. Binti yangu alipofiwa na mume wake, jirani mmoja tu ndiye alikuja kutoa pole, tena amesimama, simu mkononi. Niliona uchungu. Halafu nikaenda chumba cha nyuma, nikakuta watoto wake wote wamelala pale walipolala jana.