Mashine ya Kaka Ilipozimwa Msibani

Kaka yangu alipofariki, majirani wa mtaani kwake, Mafiga, walitoa kila kitu sebuleni ili watu wapate pa kukaa: makochi, kabati, na kompyuta zake mbili za mfumo wa Unix, zenye umri mkubwa kuliko wanafunzi aliowafundisha. Ndivyo tufanyavyo, msiba hukaliwa chini, kwenye mikeka. Lakini moja kati ya kompyuta hizo kaka hakuwa akiizima kamwe. Betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani, umeme ndio ulioshikilia kumbukumbu ya mipangilio yake, na kwa ajili ya mgao aliiwekea betri ya gari. Mtu akachomoa nyaya zote, hata za betri hiyo, kwa wema kabisa. Nilitaka kutukana. Ningemtukana nani, na wote wanalia?

Kwenye diski ya mashine hiyo mlikuwa na mazungumzo yake na mama, aliyoyarekodi kwa Kiluguru, huko kwetu milimani. Kaka hakupenda kujirekodi kwenye simu. Sauti yake haikuwapo kwingine. Matanga yalipoondolewa, mama alisema hapandi mlima kurudi kwake mpaka amsikie mwanawe.

"Imekubali?" aliniuliza kila nilipotoka chumbani.

"Bado, mama."

Mashine ile haikuwa na spika. Ya pili ndiyo iliyokuwa nazo, kwa hiyo ilibidi niziunganishe. Waya mzima, taa inawaka, lakini moja ikiita nyingine haijibu. Nikabadili waya, nikabadili plagi, nikazilaani zote mbili. Mimi kazi yangu ni mitandao, na bado ilinichukua muda kuona kwamba ile iliyozimwa ilikuwa imesahau hata anwani iliyotoka nayo kiwandani, inayoitambulisha kwa wenzake. Nikaiandikia anwani nyingine kwa mkono. Nikaita tena. Ikaitika, nami nikalia kama mtoto.

Mama akaja, akajifunga kanga vizuri, akakaa. Nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya mama mwenyewe. Jibu, kimya kidogo, jibu lingine. Nikafungua faili zote, moja baada ya nyingine. Kaka, kwa ualimu wake, alikuwa amekata maswali yake yote ili mama asikike vizuri.

"Mama, yeye hayumo," nilisema.

Akaniambia nirudishe mwanzo. Safari hii, kabla ya kila jibu, aliuliza mama mwenyewe, polepole, kwa namna ya kaka: mama, umeamkaje? Mama, umekula? Kisha akaisikiliza sauti yake ikimjibu mwanawe.