Siku Nilipovaa Nyumba Mkononi

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Huku kwetu Buganguzi migomba imesongamana kiasi kwamba mgeni hufika kwanza kwa sauti, sura yake inakuja baadaye, na asubuhi hiyo ya Jumamosi sauti ilikuwa ya teksi kutoka Bukoba ikipanda kilima kwa gia nzito, majani ya migomba yakiikwaruza pande zote mbili, na juu ya mngurumo wake mtoto akiimba. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wangu Koku. Na mimi, mwalimu mstaafu, mjane mwenye heshima zangu, niliyefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini nikiwaambia watoto wa watu "soma maelekezo kwanza ndipo ujibu," nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikiwa na nyumba mkononi. Sisemi nilikuwa nimeishika. Nasema ilikuwa imenishika.

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu kijiji kizima kimeshaisimulia, na kila anayesimulia anaongeza chumba.

Koku ana miaka saba. Baba yake, mwanangu Deusi, yuko Mwanza na mkewe, kazi zao ni za zamu usiku na mchana, kwa hiyo tangu mtoto ana miaka miwili analelewa na mama wa mke huyo, yaani bibi yake wa upande wa pili, Ma Leokadia wa Kanazi. Ma Leokadia ni nesi mstaafu. Anatembea kama nesi, anakaa kama nesi, hata akikusalimia unajikuta unataka kumwonyesha ulimi. Kwa miaka mitano Koku aliletwa kwangu asubuhi na kurudishwa jioni, kama kitabu cha maktaba, kwa sababu Ma Leokadia aliwahi kumwambia mwanangu (na mwanangu, mjinga, akaniambia) kwamba bibi wa Buganguzi ni mtu mzuri lakini hatulii. Sibishi. Naanza kufagia nakumbuka chungu jikoni, nafika jikoni nakumbuka mbuzi, nafika kwa mbuzi nimeshika kijiko. Lakini Desemba hii Ma Leokadia alikubali: angemleta Koku, angekaa naye kwangu asubuhi moja, angetazama, na akiridhika angemwacha likizo nzima. Akiridhika. Neno hilo lilinikosesha usingizi wiki mbili.

Ndipo nikanunua ile nyumba. Ilikuwa kwenye boksi katika duka moja la zamani pale mjini Bukoba, duka la mzee wa Kihindi ambaye watoto wake wote wamehamia mbali na yeye amebaki na paka wawili na kila kitu ambacho mtu aliwahi kukihitaji. Nyumba ya wanasesere, ghorofa mbili, rangi ya waridi, ila imekuja vipande vipande, kuta, madirisha, ngazi, kitanda kidogo kama kiberiti, na wewe unaiunganisha mwenyewe.

"Mwalimu," mzee aliniambia, "gundi iko humo humo ndani. Ni ya maji. Unapaka ukuta mmoja, unaacha saa nne. Unapaka mwingine, unaacha saa nne. Siku tatu, nyumba imara."

"Siku tatu?"

"Unaharakia wapi? Anahamia nani?"

Nilicheka, nikalipa, na nilipofika mlangoni nikarudi nikaongeza kijichupa kimoja cha supaglu. Mzee alinitazama juu ya miwani, akanirudishia chenji. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo tu, unaenea kwenye kiganja.

Ningeanza Alhamisi ningekuwa salama, lakini Alhamisi nilipaka chokaa ukuta wa mbele, Ijumaa nikang'oa magugu kibanjani hadi mgomba wa mwisho, nikachinja jogoo, nikapiga pasi mapazia, na katikati ya hayo yote nikaiomba jumuiya yetu ya kanisa ije isali kwangu Jumamosi saa nne, ili Ma Leokadia akute nyumba imejaa watu wanaonipenda. (Ninyi mnaonisikiliza mnaona shimo ninalojichimbia. Mimi sikuliona.) Basi nikalifungua boksi Jumamosi alfajiri. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha thelathini na mbili. Niliitazama picha ya mwisho, ile yenye nyumba iliyokamilika na mtoto anacheka, nikaona inatosha.

Na kwa kweli mwanzo ulikuwa mtamu. Supaglu inashika kabla hujamaliza kusema Amina. Sebule ilisimama, ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, sakafu, dirisha lenye fremu nyeupe, nikalitundikia kijipazia cha karatasi. Nilikuwa naimba. Kisha gundi ikachuruzika, nikaifuta kwa kiganja, nikabonyeza ukuta wa nyuma kwa kiganja kile kile ili ukae sawa, nikahesabu hadi kumi, na nilipotaka kuondoa mkono, sebule nzima ikaja nao.

Nilivuta, ngozi ikalia. Nikatikisa, kitanda kidogo kikadondoka mezani kabla hata ghorofa yake haijajengwa. Na ndipo nikaisikia teksi. Ilikuwa saa nne kasoro. Ma Leokadia, nesi, hawezi kuchelewa hata kwenye kazi aliyostaafu.

Sasa, mtu mwenye akili angetoka nje akicheka na kusema, jamani, tazameni nilivyonasa. Mimi nilichukua upande wa kitenge, nikaufunga mkono wote kuanzia kiwiko, nikaubana kifuani kama niliyevunjika, nikaenda kufungua mlango.

"Karibuni waitu, karibuni wapendwa!"

Koku alinirukia kiunoni. Nyuma yake Ma Leokadia alimwambia dereva, kwa sauti ya kusikika kwa makusudi, "Subiri hapo chini ya kivuli. Sijajua kama tunarudi wawili au narudi peke yangu."

Waliketi. Watu wa jumuiya nao wakaanza kuingia, Ta Projestus mwenyekiti wetu mbele, rozari mkononi, na sebule ikajaa. Kwetu mgeni hapewi maneno kabla ya kupewa kahawa ya kutafuna, kavu, kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba anapiga magoti anampa kwa mikono miwili. Mama mkwe wa mwanangu, tena! Nilipiga magoti. Ma Leokadia akakinga mikono yake miwili. Mimi nikampa kikapu kwa mkono mmoja. Wa kushoto.

Rozari ya Ta Projestus ikasimama. Nilimsikia mbuzi wangu nje akitafuna.

"Nisamehe mkwe," nikasema haraka, "mkono huu wa kulia umekufa ganzi tangu asubuhi."

Nilidhani nimejiokoa. Nilikuwa nimesahau nazungumza na nani. Ma Leokadia aliweka kikapu chini, akaniinua kidevu kwa vidole viwili.

"Tangu asubuhi? Upande wa kulia tu?"

"Ni kidogo tu, mkwe."

"Tabasamu nikuone."

"Nini?"

"Tabasamu!"

Nilitabasamu. Kwa hofu niliyokuwa nayo tabasamu lilienda upande mmoja likabaki huko huko.

"Maawe," alisema Ma Leokadia polepole. "Sema: leo ni Jumamosi."

"Leo ni Jumatatu."

Wanawake wawili wakajishika vichwa. Mmoja akaanza kulia moja kwa moja, bila maandalizi.

"Inua mikono yote miwili, mkwe."

"Siwezi," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Kiharusi," Ma Leokadia alitangaza. "Mwambieni dereva awashe gari. Leteni maji. Msimpe kitu cha kula." Alikuwa ameshanilaza kwenye kochi, ameshanivua viatu, na niwaambieni, katika miaka yote ya kuogopana hakuwahi kunigusa kwa upole kama ule, kwa hiyo nikazidi kushindwa kusema. Kila sekunde ukweli ulizidi kuwa mzito. Ta Projestus akasema kabla gari halijageuzwa tumwombee Mwalimu, wakanizunguka, wakaweka mikono yao juu ya kile kitenge, na sala ikaanza kupanda, Ee Bwana mtumishi wako alitufundishia watoto, Ee Bwana mikono hii ilishika chaki, nami nimelala chini yake natokwa jasho, miguu inataka kukimbia yenyewe bila mimi.

Katikati ya sala Ta Projestus akasita. Vidole vyake vikapapasa.

"Mwalimu," alinong'ona, "una uvimbe?"

Niliuvuta mkono karibu zaidi na mbavu.

"Ma Leokadia, hebu gusa hapa. Uvimbe huu una pembe."

Koku alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, kichwa chake kiko usawa wa kiwiko changu, na kwa kuwa ni mdogo aliona kutoka chini mahali ambapo kitenge hakikufika. Akainamisha shingo. Akachungulia vizuri.

"Bibi," alisema kwa sauti safi kama kengele ya kanisani, "uvimbe wako una dirisha."

Nilijivuta kwa kushtuka, kitenge kikaanguka. Sebule ya rangi ya waridi ikasimama hewani mbele ya jumuiya nzima, na pazia langu dogo la karatasi likipepea.

Sijui nani alianza. Nakumbuka Ta Projestus aliegemea ukuta akateleza taratibu hadi chini, rozari ingali mkononi, akisema, "Bwana amejenga! Bwana amejenga!" Yule aliyekuwa analia aliendelea kulia, ila sasa kwa kucheka. Dereva alikuja kuchungulia mlangoni, akaita wenzake wa bodaboda. Mmoja akauliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi.

Ma Leokadia hakucheka. Aliomba beseni la maji ya moto, sabuni na mafuta ya kupikia, akavuta kiti, akakiloweka kile kiganja changu pamoja na nyumba yake, akaanza kukikwanyua kwa ukucha, kidogo kidogo, bila haraka, kama mtu mwenye siku tatu.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Unaumia?"

"Ndiyo."

Akaongeza mafuta. Watu walikuwa wametoka kwenda uani wacheke kwa nafasi. Koku alikuwa mezani anapanga vipande vilivyobaki, picha ya kwanza, picha ya pili, kidole chake kikifuata karatasi.

"Kwa nini hukusema pale mlangoni?" Ma Leokadia aliuliza.

"Nilitaka uone naweza."

"Na mtoto akianguka kibanjani, utanipigia simu, au utamfunika kitenge?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi wa shule maishani mwangu. Hakuna lililonipata kama lile. Nilitazama maji yakibadilika rangi kuwa waridi. Nilijua nikijibu "nitapiga simu" itakuwa ni sentensi tu, na sentensi mimi ninazo nyingi. Nikasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Mkwe, nyuma ya nyumba kuna shimo. La kuivishia ndizi za pombe. Liko wazi tangu msiba wa jirani, nikachelewa kulifukia, na jana nimetandaza majani ya migomba juu yake usilione."

Mkono wake ulisimama. "Kina gani?"

"Linamfika Koku shingoni."

"Nionyeshe."

Vidole viwili vilikuwa bado vimenasa. Kwa hiyo nilipita uani, mbele ya watu wote, nyumba ikining'inia mkononi ikidondosha maji ya sabuni, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu Ma Leokadia alikuwa nyuma yangu na uso wake ulijulikana. Niliyavuta majani kwa mguu. Shimo likaonekana, jeusi, lenye baridi, ukingoni kabisa mwa njia ya kwendea chooni. Aliinama akalichungulia. Mimi nililitazama naye na kwa mara ya kwanza nikaliona nilivyopaswa kuliona tangu mwanzo.

"Mrudishe tu," nikasema. "Una haki. Nitalifukia, utamleta siku nyingine."

Ta Projestus ndiye aliyevua koti. Akawaita wanaume wawili, wakachukua majembe ghalani kwangu, wakaanza kushusha udongo, na Ma Leokadia akasimama pale pale, mkoba begani, akisimamia kama aliyekuwa anasubiri dripu iishe, na kila walipotaka kuacha akasema, "Bado. Shindilieni." Walishindilia. Alilipanda kwa viatu vyake vyeupe akarukaruka mara tatu, mwanamke wa miaka sitini na sita, kisha akaingia ndani akamalizia vidole vyangu viwili.

Nimeapa tangu siku ile, na nawaapia na ninyi. Supaglu haitavuka kizingiti changu. Na kitu kikinishika, nitapiga kelele kwanza, nitatafuta kitenge baadaye. Sijasema nimetulia, ninapowasimulia haya nimesimama, na kuna kitu jikoni nadhani kinaungua.

Chai ililetwa. Ma Leokadia aliinywa yote, hadi majani ya chini. Nje dereva alipiga honi. Akasimama, akafunga mkoba wake, na mimi nikainama kuchukua kibegi cha Koku kilichokuwa kando ya mlango, nimpe, maana nilikuwa nimeshakubali, na mkono wangu wenye malengelenge ulikuwa wazi mbele ya macho yake, sikuufunika.

"Hicho kiache hapo," alisema. "Dawa yake ya kifua iko mfuko wa pembeni. Kijiko kimoja, asubuhi na jioni. Akikohoa usiku unanipigia."

"Nitakupigia."

"Hata asipokohoa."

Koku hakuinua hata kichwa mezani. Ma Leokadia alimtazama mara moja, akanitazama mimi, akatoka nje juani, na akaufunga mlango nyuma yake.