Jirani na Mlango Wake

Jirani yetu, fundi cherehani, hucheka kwanza kwa mabega huku pini zimebanwa midomoni, ndipo sauti ifuate. Nyumba yake aliijenga kwa mkopo wa benki. Siku afisa alipokuja kusema serikali inaichukua, barabara itapita sebuleni, tulidhani atazimia.

"Na deni la benki, mwanangu?"

"Fidia italimaliza lote, mama. Kitakachobaki ni chako, na utapangishwa nyumba ya serikali kwa bei nafuu."

Mabega yakaanza. Akatema pini, akapiga kigelegele, akamkumbatia afisa mpaka kofia ikadondoka. "Basi leteni tingatinga hata leo!" Akachukua bisibisi, akang'oa mlango wa mbele, akajitwika. "Huu niliununua kwa jasho langu. Barabara haiupati!"