Samaki niliomnyang'anya bibi wa watu Matogoro

Wakuu, heshima kwenu. Hili hata padri hajalisikia, na siongezi chumvi.

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, nilikuwa mlinzi wa kijito huko Matogoro, Songea. Klabu moja ndogo ilivua samaki aina ya trauti pale kwa starehe. Ndoano tu, samaki wawili kwa mtu, mdogo anarudishwa majini akiwa hai. Wanakijiji walicheka. Umvue halafu umwachie, si wazimu huo?

Kazi yangu ilikuwa kukamata wenye nyavu na utupa. Utupa ni majani yanayopondwa na kutiwa mtoni, samaki wanalewa, wanaelea. Ukiwala hudhuriki, mababu walikula.

Samaki niliowakamata kwao nilitakiwa kuwafukia. Mimi nilipeleka nyumbani. Ndiyo, nitukaneni tu.

Asubuhi moja nikamkuta bibi wa jirani na kikapu cha trauti. Nikampa shikamoo, kisha nikamnyang'anya.

Akalia. "Mjukuu wangu, nimewaokota tu wanaelea! Ndiyo mboga yangu."

Nikajua ni utupa. Nikamkabidhi mke wangu kikapu, nikapanda mlimani kumsaka mwenye utupa.

Majani sikuyaona. Nikakuta chupa ya soda inanuka dawa ya wadudu wa kahawa. Zamani dawa ilitoka ushirika, miaka ile kila kiduka kilikupimia. Kando ya maji hata kaa walikuwa wamekufa.

Wakuu, nilikimbia! Nikaanza Salamu Maria, nikifika katikati nasahau, naanza upya. Nina watoto watatu.

Uani nikakuta kuku wanne wamekufa kando ya matumbo ya samaki waliyokuwa wakiyadonoa. Mlango umefungwa. Naita, kimya. Nikahisi haja ndogo inanitoka, sioni aibu kusema.

Mke wangu akatokea na ndoo, anatoka kisimani.

"Watoto?"

"Wako shambani. Kwani vipi?"

"Samaki je?"

"Nimemrudishia bibi wa watu. Alikuja hapa analia, nikaona haya."

Nikatimua mbio tena.

Nilimkuta bibi jikoni kwake, tonge la kwanza la ugali limeshachovywa kwenye mchuzi, liko karibu na mdomo. Nikampiga mkono, nikakipindua chungu.

Bibi akanitazama. Hakulia safari hii.

"Hata hawa niliorudishiwa?"

Nilipiga magoti, nikamwambia ni sumu.

Kijito kile kilikaa bila samaki muda mrefu, na klabu ikafa. Funzo langu: ukipewa kulinda, usile unachokikamata. Na samaki anayeelea usimwamini hata kama babu yako alimla.

Waliowahi kulinda mto au msitu, mlikuwa mnafukia kweli? Semeni ukweli hapa, nisibaki mwenyewe.